Mwenzangu yuko meza ya pili, kwa nini faili mpaka lipite baharini?

#1 BintiKurasini
Wakuu habari zenu. Naomba nieleweshwe, mana nimeshauliza watu watatu na kila mmoja kanipa jibu lake.

Nafanya kazi ofisi ya kutoa mizigo bandarini, tupo Kurasini, watu tisa chumba kimoja. Alhamisi iliyopita intaneti ikakata kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Sawa, kukatika tumezoea. Ila ruta taa zake zinawaka, wifi kwenye simu inaonyesha imejaa, na mtu ninayetaka kumpa nyaraka za kontena yuko meza ya pili, nikinyoosha mkono namgusa. Nikamtumia WhatsApp, kialama cha saa tu. Nikafungua folda ya ofisi (draivu G, ipo kwenye kompyuta zetu zote), majina ya mafaili nayaona yote, nikibonyeza linazunguka weee mpaka nachoka. Nikasema basi niprinti nimpe mkononi, printa iko pale pale kwenye kabati, nayo eti haionekani. Mwisho nikamgeuzia skrini yangu asome, akaandika namba ya kontena kwa kalamu kwenye kiganja, zile herufi nne na tarakimu saba, akakosea moja, mchana mfumo ukaikataa tukaanza upya.

Kitu pekee kilichofanya kazi siku nzima ni ile mashine ya ukutani ya alama za vidole. Hiyo haikumkosa hata mtu mmoja.

Sasa swali. Kama vitu vyote viko chumba kimoja, umeme upo, wifi ipo, kwa nini huko nje kukikatika sisi hatuwezi hata kupeana karatasi? Mei 2024 mkongo (ule waya wa intaneti unaopita chini ya bahari) ulipokatika ilikuwa hivi hivi. Mimi nasema ofisi zetu zimefungwa vibaya. Anayebisha aje.

#2 chapati_mbili
Mimi nabisha. Huko sio kukatika, hao ni wadukuzi wanaingia alafu mnaambiwa mkongo mkongo. Kila kitu siku hizi mkongo.

#3 FundiSwichi
Dada BintiKurasini umeuliza maswali matatu ukayafunga kamba moja, ngoja niyafungue.

WhatsApp: meseji haijui kama mmekaa meza moja. Inatoka kwenye simu yako inakwenda kwenye seva za wenye WhatsApp huko nje ya nchi, alafu inashuka kurudi kwenye simu ya mwenzako. Kile kialama cha saa maana yake haijafika hata kwenye seva. Tiki moja ndo imefika seva, mbili imefika kwa mwenzako. Kwahiyo njia ya nje ikifa hata ungekuwa umemkalia mapajani haifiki.

Draivu G: hiyo sio folda ya ofisi, ni Google Drive. Kwenye kompyuta yenu yanakaa majina tu, nyama iko nje. Ukibonyeza ndo inakwenda kuileta, ndo mana inazunguka. Unaweza kubonyeza kulia ukachagua faili likae na kwenye mashine yako, wengi hawafanyi.

Mashine ya vidole: ile inatunza vidole vyenu kwenye kumbukumbu yake yenyewe pale ukutani, haimuulizi mtu.

Printa: hapo sijui bado. Imefungwaje? Waya au wifi?

#4 BintiKurasini
Asante fundi. Printa ni ya wifi. Na mapaja nimekusamehe.

Ila umenitisha, yani miaka yote hii nasema "weka kwenye folda ya ofisi" kumbe hakuna folda ya ofisi?

#5 Mzee_wa_Faksi
Ilikuwepo binti yangu. Tuliitupa wenyewe.

Mwaka 2006 nilikuwa kampuni moja mtaa wa Samora, juu ya paa tuna dishi kubwa la satelaiti. Hiyo satelaiti iko juu kilomita kama 36,000, kwahiyo hata intaneti ikiwa nzima ukibonyeza kitu unahesabu moja, ndo kinajibu. Na bei yake bosi alikuwa anaijua kwa kichwa kama tarehe ya kuzaliwa mwanae. Kwa sababu ya bei hiyo hakuna mtu alikuwa na wazo la kutoa barua nje ili imfikie mtu wa chumba cha pili. Tulikuwa na seva moja chini ya meza ya mhasibu, inanguruma kama friji, folda tunaiita S. Dishi likipigwa na mvua masika ile, ndani kazi inaendelea, unagundua intaneti haipo pale tu unapotaka kutuma barua pepe Dubai.

Ikaja mikongo ya baharini, Seacom Julai 2009, mwaka uliofuata EASSy. Intaneti ikawa rahisi na ya haraka, tukashangilia na mimi nilishangilia. Taratibu kila kitu kikahamia nje. Seva ilipoungua ubao hakuna aliyenunua nyingine. Ndo hapo mlipofika. Kasi ndo iliyotufanya tusahau kwamba kitu kiko mbali.

#6 NairobiKaunta
Mzee heshima yako, umeongea ukweli lakini si wote. Shida si kwamba vitu viko nje, shida ni hata vile viko ndani ya nchi vilikuwa vinapitia nje. Huku kwetu watoa huduma walipojaribu kuunganishwa pamoja hapa Nairobi mwaka 2000, kituo cha KIXP, kilifungwa wiki chache tu baada ya kuanza, kwa sababu kampuni ya simu ya wakati ule ilisema hiyo ni kazi yake peke yake. Kikafunguliwa tena Februari 2002. Kabla ya hapo barua pepe ya kutoka Westlands kwenda Industrial Area ilikuwa inapanda angani, inashuka Amerika ama Ulaya, alafu inarudi. Dar mko na kituo kama hicho, TIX, tangu 2004.

Kwa hivyo BintiKurasini, kama mtoa huduma wenu angekuwa amekatika nje tu na sio hapa ndani, tovuti zenye seva Dar zingefunguka siku hiyo. Ulijaribu kufungua yoyote?

#7 BintiKurasini
Nilijaribu mfumo wa forodha, haukufunguka. Lakini simu ya bosi kwa bando la mtandao mwingine ulifunguka.

#8 FundiSwichi
Basi hiyo Alhamisi haikuwa mkongo wa baharini dada, ilikuwa mtoa huduma wenu au faiba ya mtaani kwenu. Mkongo ukikatika wote tunalia. Tusichanganye na Mei 2024.

#9 chapati_mbili
@FundiSwichi kwanza ulisema njia ya nje, sasa unasema mtaani. Amua basi.

Na mimi narudi palepale, wadukuzi. Kenya Julai 2023 eCitizen, ule mfumo wa huduma za serikali mtandaoni, ilipigwa, watu wakashindwa kununua hata tokeni za umeme. Hilo halikuwa mkongo.

#10 NairobiKaunta
Ni kweli eCitizen ilipigwa, lakini hiyo ilikuwa shambulio la kuijaza seva maombi ya uongo mpaka ikose nafasi ya kuhudumia wa kweli. Hiyo haiwezi kuzima printa ya Kurasini. Kila ugonjwa na dawa yake bana.

#11 Karani_wa_Getini
Kuhusu Mei 2024 ngoja tuiweke sawa mana kuna watu humu wanaielezea kama hadithi. Ilikuwa Jumapili tarehe 12. Zilikatika EASSy na Seacom kwa pamoja upande wa kusini, waziri wa habari wakati ule Nape Nnauye akasema ni kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Kilichotuua sisi zaidi ni kwamba upande wa kaskazini nao ulikuwa tayari mgonjwa tangu Februari, Seacom ilikuwa imekatika kwenye Bahari ya Shamu pamoja na mikongo mingine, wakati ule meli Rubymar ilipopigwa na kuachwa inaelea huku inaburuta nanga. Kwahiyo kusini kumefungwa na kaskazini kumefungwa. Ubalozi wa Marekani Dar ulifunga huduma kwa umma siku mbili, sembuse sisi wa getini.

#12 NairobiKaunta
Na sisi tuliisikia lakini si kama nyinyi, kwa sababu Mombasa kuna mikongo mingine: TEAMS inakwenda Fujairah, kuna LION2, kuna PEACE. Ingawa msituone wakubwa. Februari 2012 meli ilishusha nanga pale nje ya Mombasa mahali pasiporuhusiwa, ikaikata TEAMS, na wakati huohuo mingine ilikuwa imekatika Bahari ya Shamu. Tulikaa kwa foleni ya intaneti wiki kadhaa.

#13 chapati_mbili
Sasa jiulize, kitu kinachobeba nchi nzima, nanga inakikata? Ni kikubwa kiasi gani?

#14 FundiSwichi
Kwenye kina kirefu ni unene wa mpira wa kumwagilia maua. Ndani yake nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, juu kuna shaba, nta na plastiki. Karibu na pwani ndo wanauvalisha nyaya za chuma. Duniani kila mwaka mikongo inakatika kama mara 150 mpaka 200, na nyingi ni nyavu za uvuvi na nanga. Wala sio papa, kabla hujauliza.

#15 chapati_mbili
Nilikuwa naandika papa 😅

#16 MtotoWaMakunduchi
Salaam alaykum. Mie nipo Muscat, ile Jumapili naikumbuka vyema. Kila Jumapili nazungumza na bibi yangu Unguja kwa video, siku ile namwona kaganda, mdomo wazi, kanga begani, haendi mbele wala nyuma. Nikapiga simu ya kawaida nikampata, akanambia mbona umeganda mjukuu wangu, kumbe na yeye ananiona mie nimeganda. Tukacheka. Simu ya kawaida ghali lakini siku ile ndiyo iliyotufaa.

#17 Mwl_Urambo
Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari huku Urambo, Tabora. Mnayozungumza mimi naishi kinyume chake, niwaelezee.

Maabara yetu ina kompyuta 14, zote mitumba. Intaneti tunayo ya modemu moja na bando likiisha limeisha. Kwahiyo tangu mwanzo sikuweza kujenga kitu kinachotegemea nje. Nimechukua kompyuta moja kuukuu nikaifanya seva, nimeweka ndani Wikipedia nzima ya Kiswahili na sehemu ya Kiingereza kwa kutumia Kiwix (programu ya kusoma Wikipedia bila intaneti), nimeweka na programu ya Kolibri yenye masomo ya hesabu na sayansi, na folda ya mitihani iliyopita kuanzia kidato cha kwanza. Ruta ya elfu hamsini, haijaunganishwa na kitu chochote nje. Mwanafunzi anafungua kivinjari, anaandika namba ya seva, anasoma. Kazi za nyumbani wanaziweka kwenye folda, nazisahihisha, nazirudisha.

Mei 2024 nilisikia redioni kwamba intaneti imekatika nchi nzima. Nikaingia maabara, watoto wa kidato cha pili walikuwa wanaangalia picha ya moyo wa mtu ulivyopasuliwa wanabishana upande wa kushoto ni upi. Hawakujua chochote.

BintiKurasini, ruta haihitaji intaneti ili kompyuta mbili ziongee. Hilo ndilo jibu langu. Ofisi yenu inaweza kuwa hivyo.

#18 BintiKurasini
Mwalimu nimesoma mara mbili. Asante sana. Hiyo ya moyo imenigusa.

#19 Mhasibu_Mbagala
Mwl hongera. Unasasisha vipi sasa?

#20 Mwl_Urambo
Likizo nakwenda Tabora mjini na diski ya nje, kuna rafiki ana faiba, inashusha usiku kucha. Changamoto kubwa kwangu sio usasishaji, ni flashi za wanafunzi. Mmoja akitoka nayo stationari, folda zote zinageuka alama za mkato, ukibonyeza haifunguki, na kesho mashine zote 14 zinayo. Nimeshafuta upya maabara nzima mara tatu.

#21 chapati_mbili
HAPO SASA. Mzee_wa_Faksi na mwalimu mnasifia folda ya ndani kama vile malaika anailinda. WannaCry mnaikumbuka? 2017, ilifunga hospitali za Uingereza, mafaili yanabanwa unaambiwa lipa. Ile ilitembea kwa njia gani? Kwa njia hiyohiyo ya kompyuta za Windows kushirikishana folda. Mashine moja ikiambukizwa inawagongea mlango majirani wote wa ndani bila mtu kubonyeza chochote. Microsoft walikuwa wametoa dawa Machi, watu hawakuweka. Na mnajua ilikuwa tarehe ngapi? Mei 12! Sawasawa na mkongo!

#22 FundiSwichi
Leo chapati umeongea kitu cha maana, nakupa heshima yako. Ni kweli, na seva ya chini ya meza ya mzee ndo ingekuwa ya kwanza kufa mana nani alikuwa anaisasisha? Google wana watu wanalinda usiku na mchana, ofisi ya watu tisa ina kijana wa IT anayekuja Ijumaa. (Tarehe ni bahati tu, usianze.)

#23 Mzee_wa_Faksi
Seva ya mhasibu ilisasishwa na mimi mwenyewe kila mwisho wa mwezi, na nakala ya akiba kwenye tepu, tepu naondoka nayo nyumbani Temeke kwenye mfuko wa Rambo. Msitudharau.

#24 FundiSwichi
Shikamoo mzee. Sikukulenga wewe.

#25 Mzee_wa_Faksi
Marahaba.

#26 Mhasibu_Mbagala
Wote mnazungumzia mafaili, mimi niongeze la usalama ambalo hamjagusa. Kukatika kwenyewe ni mwanya.

Ofisi yetu maagizo yote ya malipo yanapita kwenye barua pepe, bosi anaandika, mkuu wa fedha anajibu "sawa", mimi nalipa. Siku moja intaneti iko chini tangu asubuhi, saa saba mchana inaingia meseji ya kawaida kwenye simu yangu: mimi bosi, nipo kikaoni, barua pepe haifanyi kazi kama unavyojua, mlipe fundi wa jenereta milioni moja na laki nne kwenye namba hii. Jina la fundi ni la fundi wetu kweli. Na "kama unavyojua" ndo iliyonimaliza, mana kweli nilikuwa najua. Nimeshaandika namba, nimeshaweka kiasi, bado neno la siri tu. Mikono ilikuwa na jasho nikaifuta kwenye sketi, katika kufuta huko nikakumbuka kwamba bosi hajawahi kuniita "wewe mhasibu", ananiita kwa jina la mwanangu. Nikampigia. Alikuwa anakula chakula cha mchana, hana habari.

Mpaka leo sijui walijuaje kwamba intaneti yetu iko chini.

#27 Karani_wa_Getini
Pole dada. Hizo ni ndugu wa "ile hela itume kwenye namba hii". Ukipata nyingine unaituma kwenda 15040 wanaishughulikia namba hiyo. Na piga *106# uone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, unaweza kushangaa.

#28 NairobiKaunta
Mhasibu, kuna mtu wa ndani hapo. Ama aliyesajili grupu la ofisi, watu wanaachaga kazi lakini kwa grupu wanabaki. Mmoja akiandika "jamani neti imeenda" kila mtu aliyewahi kufanya kazi hapo anajua.

#29 Mhasibu_Mbagala
Duh. Grupu letu lina watu 34 na ofisini tupo 19.

#30 FundiSwichi
Mimi sikubali moja kwa moja. Inawezekana mtu aliwapigia tu simu mapokezi akauliza "mmepata barua pepe yangu?" wakamjibu intaneti haipo. Huhitaji mtu wa ndani.

#31 Mganda_wa_Masaka
Mimi naandika Kiswahili kidogo, munisamehe. Huku kwetu Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa yote karibu siku tano, hapo hakuna nanga wala papa. Nilikuwa na duka la kutuma pesa na vifaa. Kitu kilibaki ni simu ya sauti na SMS. Tulirudi kwa daftari. Tangu hapo duka langu lina daftari kila siku, hata intaneti iko nzuri.

#32 Mzee_wa_Faksi
Kiswahili chako kizuri ndugu yangu. Na daftari ni seva.

#33 MtotoWaMakunduchi
Hata wakubwa wenyewe yaliwakuta. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zote zilizima karibu saa sita, nadhani kwenu ilikuwa saa kumi na mbili na ushei jioni. Walikuwa wanafanya matengenezo, amri moja ikawaondoa kwenye ramani ya intaneti, hakuna kompyuta duniani iliyojua njia ya kuwafikia. Na kwa vile vyombo vyao vya kuzungumza wao kwa wao kazini vimo humohumo, na wenyewe wakawa hawawezi kusemezana, mafundi wakalazimika kwenda kwa miguu mpaka kwenye mitambo, na milango ya huko haifunguki ovyo. Sasa hao ndio wenye mali.

#34 BintiKurasini
Yani Facebook nao waligeuziana skrini kama mimi. Nimefarijika kidogo.

Jamani turudi kwenye printa, hakuna aliyenijibu bado.

#35 Karani_wa_Getini
Printa mimi naijua. Intaneti ilipokata, mlifanya nini? Kila mtu aliwasha hotspoti ya simu yake akaunganisha laptopu. Ukishafanya hivyo umehama nyumba, printa imebaki kwenye wifi ya ofisi wewe uko kwenye wifi ya simu yako. Hamuonani. Mmekaa chumba kimoja lakini mitandao miwili.

#36 BintiKurasini
Mimi sikuwasha hotspoti, bando langu lilikuwa la kuhesabu. Waliowasha ni wanne.

#37 Karani_wa_Getini
Laptopu inaweza kuhama yenyewe kama ilishawahi kuunganishwa na simu ya mtu. Ukiona wifi ya ofisi haina intaneti, inatafuta inayoijua.

#38 NairobiKaunta
Mimi naweka pesa kwa DNS, ile huduma ya kugeuza majina kuwa namba. Printa imewekwa kwa jina, sio kwa namba. Laptopu inauliza "jina hili liko wapi?" na wa kujibu yuko nje, hajibu, basi inasema haipo. Weka namba ya printa moja kwa moja utaona.

#39 FundiSwichi
Printa za wifi za kawaida majina yake yanatafutwa ndani kwa ndani, hayatoki nje. Labda kama iliwekwa kupitia akaunti ya kampuni ya printa, kuna zile za kulipia wino kwa mwezi, zile bila intaneti zinagoma kabisa. BintiKurasini mnalipia wino kwa mwezi?

#40 BintiKurasini
Hapana, wino tunanunua Kariakoo.

#41 chapati_mbili
Kirusi.

#42 Mwl_Urambo
Pima badala ya kubishana. Jumamosi hakuna kazi nyingi, chomoa ule waya unaoingia kwenye ruta kutoka nje, wa ndani uache. Kama printa inafanya kazi, basi Alhamisi kulikuwa na jambo jingine. Kama haifanyi, tunajua tatizo liko ndani. Hivyo ndivyo ninavyowafundisha watoto, badilisha kitu kimoja tu.

#43 BintiKurasini
Nimerudi na matokeo. Jana Jumamosi nilikuja na kijana wetu wa IT pamoja na mdada wa nyaraka, tukiwa watatu. Saa nne kamili tukachomoa waya wa faiba.

Saa nne na dakika mbili nikaprinti kwa laptopu yangu, IKATOKA. Nikaruka. Mdada naye akaprinti, ikatoka. Kompyuta ya mezani ya mapokezi ambayo iko kwa waya, ikatoka. Nikawa nacheka peke yangu, nikasema basi ni Karani kapatia.

Tukaenda kunywa chai. Kurudi saa nne na nusu hivi, laptopu yangu printa haionekani. Ya mdada haionekani. Ya mapokezi INAPRINTI VIZURI. Hakuna aliyegusa kitu. Wifi kwenye skrini zetu inasema imeunganishwa. Tukakaa mpaka saa sita, ni hivyohivyo, wa waya anaprinti, wa wifi hatuprinti. Tukarudisha faiba, ndani ya dakika tatu zote zikarudi.

#44 NairobiKaunta
DNS. Kumbukumbu ya majina inadumu muda fulani alafu inaisha. Dakika ishirini thelathini, inalingana kabisa.

#45 FundiSwichi
Mbona ya waya haikuisha? Hapana. Mimi nadhani ruta ikikosa nje kwa muda inajizima na kujiwasha yenyewe ikitafuta mawimbi, nimeshaona za hivyo, na ikijiwasha wa wifi wanapotea. Taa ilikuwa rangi gani mliporudi?

#46 BintiKurasini
Moja nyekundu. Zingine kijani. Kijani zinapepesa.

#47 Karani_wa_Getini
Bado nasimama na kuhama nyumba. Nyie watatu mna simu, mlitoka nazo kunywa chai na mkarudi nazo.

#48 FundiSwichi
Kuna njia ya kujua. Kesho ukichomoa tena, subiri zikatae, alafu kwenye kila laptopu fungua dirisha jeusi andika ipconfig, uniandikie namba ya IP (anwani ya mashine kwenye mtandao) inaanza na ngapi. Ikiwa 192.168.1 uko ofisini. Ikiwa 192.168.43 uko kwenye simu ya Android ya mtu. Ikiwa 169.254 maana yake mashine imeomba namba kwa ruta na ruta haikujibu, ikajipa yenyewe.

#49 chapati_mbili
Sasa hii inanoga kuliko Simba na Yanga.

#50 BintiKurasini
Nimefanya leo mapema kabla bosi hajaja. Ya mapokezi 192.168.1.14. Ya mdada wa nyaraka 192.168.43.120, na simu yake kweli hotspoti ilikuwa inawaka tangu juzi, hakuwa anajua. Yangu 169.254, nimeandika kwenye karatasi nikahakiki mara mbili, na mimi simu yangu ilikuwa imezimwa kwenye pochi.

#51 Karani_wa_Getini
Mdada = mimi.

#52 FundiSwichi
Yako = mimi. Ni magonjwa mawili chumba kimoja. Lakini kwa nini ruta iache kutoa namba kwa wifi ikikosa nje, hilo sitakudanganya, mpaka niingie kwenye mipangilio yake nione. Kijana wenu anaweza kuingia?

#53 NairobiKaunta
Na DNS mtaiangalia mkiwa humo. Sijatoa pesa yangu mezani.

#54 Mwl_Urambo
BintiKurasini nunua ruta ya pili ya elfu hamsini, iwe ya printa na folda ya ndani, isiguse faiba. Mengine wabishane wao.

#55 BintiKurasini
Mwalimu nimeshamwandikia bosi ombi hilo. Fundi, kuingia kwenye ruta hatuwezi. Imefungiwa kwenye kile kiboksi cha chuma ukutani, kampuni iliyotuunganisha ndo wana ufunguo, na neno la siri ni lao. Nimewapigia asubuhi hii, wamesema nitume maombi kwa barua pepe.